Njia ya Ocean Road: Vijana na Saratani katika Nachingwea na Ruangwa

Historia ya kuwauguza vijana wenye saratani katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa sehemu kubwa ni historia ya njia. Ugonjwa huanzia kijijini, Mnero au Mbekenyera, Naipanga au Mandawa, na tiba yake kamili imekuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Katikati ya ncha hizo mbili wamekuwapo watu: mama mzazi, mjomba, dada aliyeacha shamba lake, binamu mwenye chumba Mbagala. Misheni, serikali na vyama vya wakulima vilikuja kwa nyakati tofauti, kila kimoja kikapokea sehemu ya mzigo, lakini hakuna kilichowahi kuubeba wote. Kijana wa miaka 20 au 30 ndiye aliyeachwa zaidi mikononi mwa ndugu zake. Mtoto alikuja kutengewa wodi yake, na mzee alikuwa na watoto wa kumhangaikia. Kijana alikuwa yeye mwenyewe ndiye tegemeo la nyumba, na alipolala yeye, nyumba nzima ililala.

Wamwera, ambao ndio wenyeji wengi wa Ruangwa na wa sehemu kubwa ya Nachingwea, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo majirani zao Wamakua, Wayao na Wamakonde. Katika mfumo huo kaka wa mama, yaani mjomba, ana kauli nzito juu ya ndoa, mirathi na ugonjwa wa watoto wa dada yake. Kijana akiugua ugonjwa usioeleweka, ni mjomba anayetarajiwa kuitwa, kusikiliza, kuamua aendewe mganga gani na nani atoe nini. Kwa desturi ya zamani mwanamume alihamia kwa wakweze, hivyo mwanamke aliyeugua alikuwa tayari yu kwa mama yake, amezungukwa na dada na mama zake wadogo. Mwanamume aliyeugua ukweni alirudishwa kwao, na wapo waliorudi wakiwa wamebebwa kwenye machela ya miti. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu ambayo hakuna ofisi iliyoweza kuiiga: mgonjwa hakukosa mtu wa kumgeuza kitandani. Udhaifu wake ulikuwa katika muda. Kikao cha ukoo kilingoja watu watoke mbali, na uvimbe haungoji kikao.

Waganga waliujua uvimbe na waliyajua madonda yasiyopona, yale yaliyoitwa donda ndugu. Waliyaosha kwa maji ya mizizi, wakayafukiza, wakachanja chale pembeni. Baadhi ya madonda hayo hayakuwa saratani na yalipona, na sifa za mganga zikaenea. Yaliyokuwa saratani yaliendelea kula taratibu. Mgonjwa alipokata tamaa na kwenda kutafuta daktari, mara nyingi ilikuwa miezi au miaka imepita. Si haki kuwabebesha waganga lawama yote ya kuchelewa huko. Kwa muda mrefu hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mlango wa kwanza wa namna nyingine ulifunguliwa na wamisionari. Waanglikana wa UMCA, chini ya Askofu Edward Steere, waliweka makazi Masasi mwaka 1876. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, zote njiani kuelekea nchi ya Wamwera. Vita vya Maji Maji viliteketeza vituo hivyo viwili mwaka 1905, na mwaka uliofuata watawa wakajenga upya Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde. Ndanda ndiyo iliyokua kuwa hospitali kubwa ya kusini. Tangu miaka ya 1920 iliongozwa na mtawa daktari, Sista Thekla Stinnesbeck, ambaye jina lake liliambatana zaidi na matibabu ya wakoma. Baadaye Nyangao ilipata Hospitali ya Mtakatifu Walburga, na Mnero, ndani ya Nachingwea yenyewe, ikawa na hospitali yake ya misheni. Kwa mtu wa Ruangwa, Nyangao ilikuwa mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Kwa mtu wa Nachingwea, Ndanda na Mnero ndizo zilizotajwa kwanza.

Hospitali hizo zilikuwa na kisu. Uvimbe wa titi uliweza kukatwa, mguu ulioharibika ukaondolewa, donda likasafishwa kila siku na kufungwa bandeji safi. Mionzi hazikuwa nayo, wala dawa za kuua chembe za saratani. Lakini ziliweka desturi ambayo imedumu hadi leo katika hospitali nyingi za kusini: mgonjwa huja na mtu wake. Nyuma ya wodi hujengwa banda la jiko, na huko ndugu husongea ugali wa mhogo au wa mahindi juu ya mafiga, hufua mashuka, huchota maji na kubadilishana habari za wodi. Mwenye mgonjwa wa wiki moja humwachia sufuria mwenye mgonjwa wa miezi miwili. Kwa saratani, ambayo kukaa kwake hospitalini ni kurefu kuliko kwa magonjwa mengi, banda hilo lilikuwa nusu ya tiba. Kijana aliyefika peke yake aliliwa na upweke kabla ya ugonjwa, na wauguzi walijua hivyo. Swali la kwanza la mapokezi lilikuwa kuuliza amekuja na nani.

Kisha ikaja karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na katika mpango wa awali zaidi ya nusu ya mashamba yalikusudiwa kuwa Jimbo la Kusini, kitovu chake Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kuingia bara hadi Nachingwea zilijengwa kwa ajili hiyo, na mji ukaibuka porini pamoja na hospitali, karakana na nyumba za mabati. Mradi ulivunjwa rasmi mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni na kuvuna kidogo mno. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Hasara ya mradi imeandikwa sana. Hasara ya reli kwa wagonjwa haijaandikwa vya kutosha. Kwa muda wa miaka kumi na kitu Nachingwea iliunganishwa na bandari kwa njia ambayo mvua haikuikata, kisha ikarudi kutegemea barabara za udongo, ambazo wakati wa masika zilikuwa matope matupu. Hospitali ya mji ilibaki na kuwa ya wilaya. Ruangwa ilipotengwa kuwa wilaya yake yenyewe katika miaka ya 1990, ilianza na huduma chache zaidi.

Karanga ina habari nyingine inayogusa saratani moja kwa moja. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na uchunguzi ukafichua sumu inayotengenezwa na ukungu, ambayo Watanzania sasa huiita sumukuvu. Karanga, mahindi na mazao mengine yaliyohifadhiwa na unyevu huishika. Ikikutana ndani ya mwili na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani ya ini hupanda mara nyingi. Barani Afrika saratani hiyo huwapata watu wakiwa na umri mdogo kuliko Ulaya, wengi wakiwa wanaume wanaolea watoto wadogo. Hospitali za wilaya hazikuwa na la kufanya mbele yake zaidi ya kutoa maji ya tumbo na kupunguza maumivu. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga wa Tanzania mwaka 2002, na matunda yake yanahesabiwa kwa vizazi.

Dawa, kama kitu kinachoweza kuiponya saratani bila kisu, ilithibitishwa Afrika Mashariki kabla ya sehemu nyingi za dunia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, alieleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowakumba watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari maili 10,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipitia hospitali 57 kuuliza nani amewahi kuuona. Walikuta kwamba uvimbe huo unafuata nchi za chini zenye joto na mvua, na hukosekana kwenye miinuko ya baridi. Matibabu ya sindano za saiklofosfamidi yaliyofanywa Kampala na Nairobi yaliwaponya baadhi ya watoto kabisa, wakati ambapo madaktari wengi wa Ulaya bado waliamini saratani hupona kwa kisu au mionzi tu. Kwa kijana wa Nachingwea mafanikio hayo hayakuwa na faida ya papo kwa papo. Sindano ilihitaji kwanza jina la ugonjwa, na jina lilihitaji kinyama kikatwe, kihifadhiwe kwenye chupa ya dawa, kisafiri hadi maabara ya Dar es Salaam na majibu yarudi. Majibu yaliweza kumkuta mgonjwa amekwisha kuondoka hospitalini, na mara nyingine duniani.

Jengo ambalo jina lake limekuwa sawa na saratani kwa Watanzania lilijengwa na Wajerumani ufukweni mwa Dar es Salaam na kufunguliwa mwaka 1897. Robert Koch alifanyia humo utafiti wake wa malaria. Chini ya Wajerumani, na kisha chini ya Waingereza, ilikuwa hospitali ya Wazungu. Baada ya uhuru ilipita mikono kadhaa, na kuanzia miaka ya 1980 ikawa mahali pa kutibu saratani kwa mionzi, ikiwa sehemu ya Muhimbili. Mwaka 1996 sheria ya Bunge iliifanya Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye mamlaka yake. Kwa miaka mingi ilikuwa pekee nchini yenye mashine za mionzi. Mkulima wa korosho kutoka Lionja, Nachingwea, alilazwa katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya maofisa wa Kaisari.

Kufika huko ndiko kulikokuwa na kazi. Hadi mwaka 2003 Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yalipokuwa makali mto ulifurika, barabara ya Kibiti hadi Lindi ikafungwa, na kusini ikawa kisiwa kwa wiki au miezi. Aliyeweza alishuka Mtwara kungoja meli. Mgonjwa mwenye barua ya rufaa ya mwezi Machi aliweza kusafiri mwezi Juni. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa Agosti 2003, na lami ya kipande cha mwisho cha barabara ilikamilika katika muongo uliofuata. Kwa tiba ya saratani ya watu wa kusini, daraja hilo linastahili kuwekwa katika orodha moja na mashine mpya. Safari ya siku mbili au tatu, na ya kubahatisha, ikawa ya siku moja: basi linaondoka Nachingwea alfajiri, na jioni mgonjwa yupo Mbagala.

Mbagala, na Temeke kwa jumla, ndiyo Dar es Salaam ya watu wa kusini. Mabasi yao huishia huko, na huko wamehamia ndugu zao tangu zamani. Mgonjwa anayepigwa mionzi hahitaji kulazwa muda wote. Huhitaji kufika hospitalini siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au zaidi, na mionzi yenyewe huchukua dakika chache tu. Wodi haziwezi kuwatosha wote, kwa hiyo chumba kimoja cha kupanga cha shemeji au binamu ndicho kilichogeuka kuwa hosteli ya saratani. Watu watano walilala pale palipokuwa pakilala watatu. Asubuhi mgonjwa na mwenziwe waligombania daladala kuelekea mjini, yeye akijaribu kukinga ubavu usigongwe. Juu ya ngozi yake fundi wa mionzi amechora mistari ya wino inayoonyesha mahali mashine inapopaswa kulenga, na ameagizwa asiisugue wala kuiosha hadi dozi iishe. Msichana wa miaka 24 mwenye alama hizo shingoni alizifunika kwa mtandio katika joto la Dar es Salaam, si kwa sababu ya dini pekee. Katika chumba chenye watu watano hakuna siri, na mwenyeji alikuwa na haki ya kuuliza. Familia nyingi zilijibu kwa neno moja: tumbo, au kifua.

Miaka ya 1980 na 1990 ilileta balaa lililowalenga vijana moja kwa moja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ndani ya muongo mmoja kila mkoa ulikuwa na wake. Pamoja na virusi hivyo ilikuja kwa wingi saratani ya Kaposi, ambayo kabla ya hapo ilijulikana Afrika kama ugonjwa wa wanaume wazee, wa miguuni, unaokwenda polepole. Sasa iliwashika wenye miaka 25 na 30: mabaka meusi au ya zambarau, mguu uliojaa na kuwa mgumu, vinundu mdomoni vinavyozuia kula. Mabaka yalisomwa na kila jirani. Kijana aliyekuwa nayo alibeba magonjwa mawili na aibu ya yote mawili, na baadhi ya ndugu, waliozoea kuuguza bila kuuliza, walianza kumtengea sahani na kikombe. Ni sehemu chungu kuliko zote katika historia hii, kwa kuwa ilivunja kile kilichokuwa imara zaidi.

Ukarabati wake ulianzia kwa wahudumu wa majumbani. Walikuwa wanakijiji wa kawaida, wengi wanawake, waliofunzwa na misheni na serikali kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, kumkumbusha dawa na kukaa naye mbele ya macho ya watu, ili majirani waone kwamba kugusa hakuambukizi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na kwa wengi wenye Kaposi ya mwanzo dawa hizo zenyewe zilitosha kuyafifisha mabaka. Mtandao wa wahudumu ulibaki. Saratani nyingine, ambazo hazikuwa na programu kubwa wala fedha za wafadhili, zilipata miguu ya kutembelea kwa sababu UKIMWI ulikuwa umepita mbele.

Kundi jingine la vijana limeishi na saratani kusini kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za hospitali: watu wenye ualbino. Tanzania inakadiriwa kuwa na mmoja kwa kila watu 1,400, kiwango kilicho juu mno kikilinganishwa na Ulaya. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua tangu utotoni. Katika miaka ya 1980 Dkt. Luande na wenzake wa Ocean Road waliwafuatilia watu wenye ualbino wa Dar es Salaam, na makala yao ya mwaka 1985 ilionyesha kwamba dalili za kuharibika kwa ngozi huanza mapema sana na kwamba saratani iliyokomaa hushambulia hasa katika umri wa miaka ya ishirini na thelathini. Wachache ndio waliovuka hapo. Kwa maneno mengine, saratani ya ngozi, ambayo kwingineko duniani ni ugonjwa wa wazee, hapa ilikuwa ya watu wenye watoto wachanga.

Kazi za Nachingwea na Ruangwa zinazidisha hatari hiyo. Palizi hufanyika juani, na korosho huokotwa chini ya mikorosho kati ya Septemba na Desemba, wakati majani hayatoshi kumfunika mtu anayehama kutoka mti hadi mti. Kidonda huanza kwenye ncha ya sikio, kwenye mdomo wa chini, shingoni au mgongoni mwa mkono: gamba dogo gumu linalobanduka, linatoa damu kidogo na kurudi tena mahali palepale. Likiondolewa wakati huo, kwa ganzi ya sindano na kisu kidogo, mtu hurudi shambani wiki hiyohiyo. Likiachwa mwaka mmoja au miwili hupenya hadi mfupani, na hapo hata mionzi ya Ocean Road huahidi kidogo. Hakuna saratani nyingine katika wilaya hizi ambamo tofauti kati ya kupona na kufa ni ndogo na nafuu kiasi hicho. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, kazi ya kivulini na jicho la muuguzi kila baada ya miezi michache vinatosha kuongeza miongo ya maisha.

Wenyewe hawakungoja kuokolewa. Chama cha Albino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978, na madai yake ya awali yalikuwa ya afya: kofia, mafuta ya kukinga jua, kliniki za ngozi. Katika muongo wa 2010 mafuta ya Kilisun yalianza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino nchini. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni katika Tanzania. Ilikuwa miaka ya mauaji ya kikatili dhidi ya watu wenye ualbino, hasa kanda ya ziwa, na macho ya dunia yalielekea huko. Lakini jua liliendelea kuua wengi zaidi kuliko panga, na kuwa na msemaji bungeni kutoka Lindi kulisaidia jambo hilo lisisahauliwe.

Wakati huohuo saratani za watoto zilipata mwelekeo mpya. Wodi ya watoto iliyokuwa Ocean Road ilihamia Muhimbili mwaka 2011, na shirika la Tumaini la Maisha likaandaa pamoja nayo dawa bila malipo, nyumba ya kufikia, chakula na nauli. Watoto waliokuwa wakifa karibu wote walianza kupona kwa idadi ya kutia moyo. Mafanikio hayo yaliuweka wazi mpaka wa umri. Kijana wa miaka 19 mwenye saratani ya damu ileile aliyonayo mtoto wa miaka 10 alipelekwa upande wa watu wazima, ambako hakukuwa na nyumba ya kufikia, wala mwalimu, wala mtu wa kumuuliza kuhusu nauli. Tatizo hilo si la Tanzania peke yake. Uingereza ilifungua wodi ya kwanza ya vijana wenye saratani, katika Hospitali ya Middlesex, London, mwaka 1990 tu, na Marekani iliwatambua rasmi wenye miaka 15 hadi 39 kama kundi lenye mahitaji yake mwaka 2006.

Mahitaji hayo katika Nachingwea na Ruangwa yana sura yake. Kubwa ni uzazi. Mionzi ya nyonga, ambayo ndiyo tiba kuu ya saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea, huondoa uwezo wa kuzaa. Katika jamii inayohesabu ukoo kwa mama, mwanamke ndiye anayeuendeleza ukoo, na habari kwamba binti wa miaka 29 hatazaa tena ni habari ya mama yake, ya mjomba wake na ya wote wanaobeba jina la ukoo huo. Wauguzi waliozoea kumweleza mume walikuta kwamba mume si mwamuzi pekee wala mwamuzi mkuu. Ndoa nyingine zilivunjika baada ya tiba, na mwanamke akabaki kwao. Hapo desturi ya kusini ilimkinga, kwa sababu nyumba na shamba mara nyingi vilikuwa vya upande wake. Hifadhi hiyo haina budi kutajwa, maana mwenzake wa jamii zinazofuata ukoo wa baba alirudi nyumbani kama mgeni.

Vilevile kuna unyago. Msichana aliyechezwa ana somo au kungwi wake, mwanamke anayeruhusiwa kuzungumza naye mambo ya mwili bila kuvunja adabu. Damu inayotoka nje ya siku zake, au baada ya tendo la ndoa, ni jambo ambalo binti humwambia somo kabla ya kumwambia mama, na bila shaka kabla ya kumwambia mganga mwanamume wa zahanati. Kipimo cha siki kilipoanza kutolewa katika hospitali na vituo vya afya vya serikali, kilihitaji njia kama hiyo ya maneno. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja. Sehemu iliyoanza kubadilika huwa nyeupe, na mara nyingi huweza kugandishwa na kuondolewa siku hiyohiyo. Kipimo ni rahisi. Kilichokuwa kigumu ni kumfikisha mwanamke mwenye afya mbele yake.

Kwa fedha, sera ya nchi iliiweka saratani katika magonjwa yanayotibiwa bila malipo katika hospitali za serikali. Msamaha huo uliokoa wengi, lakini haukulipa nauli, chakula cha wiki sita, wala dawa zilizokosekana kwenye ghala la hospitali zikatafutwa duka la nje. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, uliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Sokoine mjini Lindi. Iliyobaki ilikuwa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kusini mwaka 2007, na baadaye wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wakawa wanauza kupitia minada na chama chao kikuu cha RUNALI, na malipo huingia kati ya Oktoba na Januari. Kalenda ya hospitali ikafuata kalenda ya mnada. Mgonjwa aliyegundulika mwezi Mei alikopa, aliuza mbuzi, aliweka rehani mikorosho yake ambayo ilikuwa bado haijachanua, au alingoja. Msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kwa wakulima wengi, waliokuwa na mgonjwa ndani waliumia mara mbili. Vikundi vya VICOBA na michango ya msikitini na kanisani vilijaza baadhi ya mapengo. Ni kweli pia kwamba mchango wa harusi hukusanywa haraka kuliko mchango wa dozi ya pili ya dripu, na hilo limewagharimu vijana wengi uhai wao.

Wengi wa waliofika Ocean Road kutoka kusini walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na kwao msaada wa kweli ulikuwa kuondolewa maumivu. Nairobi ilianzisha nyumba yake ya tiba shufaa mwaka 1990, Kampala mwaka 1993 chini ya Dkt. Anne Merriman, na kutoka huko ujuzi wa mofini ya maji ukasambaa. Ocean Road ilichanganya unga wa mofini kuwa dawa ya kunywa na kuigawa kwa hospitali nyingine. Dawa ni chungu, huwekwa kwenye chupa ndogo, na hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha: kila baada ya saa nne wakati wa mchana, na dozi maradufu wakati wa kulala ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi. Hufunga choo, na mafunzo ya Uganda yaliongeza mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa kwa nyumba isiyo na dawa ya kulainisha. Mama aliyefundishwa kwa siku moja aliweza kuitoa mwenyewe kijijini. Kijana aliyekuwa akilia usiku aliweza kukaa barazani, kuzungumza na watoto wake, kumwachia mjomba maagizo juu ya mikorosho. Chupa ilipokwisha, ilibidi mtu apande basi au pikipiki hadi hospitali yenye kibali cha kuitoa, na si kila hospitali ya wilaya ilikuwa nacho wakati wote.

Katika miaka ya karibuni njia imefupishwa kidogo kutoka pande kadhaa. Hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, zimepunguza foleni ya Ocean Road, ambayo nayo ilipata mashine za kisasa za mionzi mwaka 2018. Mtwara imepata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na madaktari wa saratani huja mikoani kwa huduma za mkoba, wakipima na kuchukua vinyama badala ya kungoja mgonjwa asafiri. Aprili 2018 Tanzania ilianza kuwachanja nchi nzima wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, dozi mbili. Aprili 2024 utaratibu ukawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Wasichana wa shule za Nachingwea na Ruangwa waliopanga foleni mwaka ule wa kwanza walitimiza miaka 20 mwaka 2024, nao ndio kizazi cha kwanza cha wilaya hizo kuingia ujanani kikiwa na kinga hiyo mwilini.